Shazia ya Cleopatra: vijaluba vya shaba vilivyobeba sindano

Mshona magunia hatumii sindano ya kawaida. Anatumia shazia: sindano nene, ndefu, yenye tundu linalopitisha kamba. Liweke neno hilo kando kwanza, tutalihitaji. Ndilo linalotatua fumbo la kitu kidogo cha kupendeza kilichotengenezwa Uingereza miaka karibu 150 iliyopita: kijaluba cha shaba cha kuwekea sindano, chenye umbo la mnara wa jiwe kutoka Misri.

Ni kitu cha kufumbata kiganjani. Kina pande nne, kinapungua unene kadiri kinavyopanda, na kileleni kinaishia na piramidi ndogo. Ubavuni kimepigwa michoro ya kuiga maandishi ya Mafarao, ambayo hayakuwekwa ili yasomwe, yamewekwa yapendeze. Shaba yake ni ile ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na mahali ambapo haijasuguliwa sana bado ina mng'ao wa dhahabu. Mnara unaoigwa unasimama London, kando ya mto Thames, na Waingereza wanauita Sindano ya Cleopatra. Kwa hiyo mshonaji wa zama za Malkia Victoria alikuwa akitoa sindano ndani ya sindano.

Watu hulichukulia jambo hili kama mzaha wa mfanyabiashara, wakaishia hapo. Mimi naona limebeba mambo matatu yaliyosokotana: jina la jiwe, biashara ya sindano, na kitu chenyewe cha shaba na alama zake. Kila moja lina uzi wake, na ukivuta uzi usio wake unapata habari za uongo, kama zile zinazoandikwa na wauzaji wengi wa vitu vya kale.

Jina halikuanzia London

Jiwe lile halikuwa la Cleopatra. Lilichongwa kwa granaiti nyekundu ya Aswan kwa amri ya Farao Thutmose III, karibu mwaka 1450 KK, likasimamishwa Heliopolis, mji wa ibada ya jua, pamoja na pacha wake. Karne mbili hivi baadaye Ramesses II akaongezea maandishi ya kujisifu mwenyewe pembeni mwa yale ya kwanza. Cleopatra, malkia wa Misri, alifariki mwaka 30 KK, zaidi ya miaka 1400 baada ya mafundi wa Thutmose. Na hata kulihamishia Aleksandria, alikotawala, si yeye aliyefanya hivyo. Lilipelekwa huko baada ya kifo chake, enzi ya Augustus, mtawala wa Roma na mtu yule yule aliyemshinda vitani, likawekwa mbele ya hekalu la Caesareum. Uhusiano wake na malkia ni ujirani tu wa mji.

Na neno sindano lilitoka wapi? Wamisri wa kale waliuita mnara wa namna hii tekhen. Wagiriki walipouona wakaupa jina la obeliskos, kijiti kidogo cha kuchomea nyama. Ndiyo, mshikaki. Neno obeliski linalotumika duniani kote leo, tukilifasiri kwa Kiswahili cha barazani, ni mshikaki. Kisha Waarabu wakauangalia kwa jicho lao, wakauita misalla. Msomaji anayejua Kiarabu ameshatabasamu: misalla ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Shazia.

Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanachuoni aliyekaa Misri miaka ya mwanzo ya karne ya 13, anazieleza obeliski za Ain Shams, ambako ndiko Heliopolis ya zamani, kwa jina la misalla za Farao. Mpaka leo Mwarabu akitaka kusema obeliski husema misalla. Ndiyo maana nasema mzaha wa sindano ndani ya sindano haukubuniwa na fundi wa Uingereza. Wenyeji wa Misri walikuwa wakiliita jiwe lile sindano karne nyingi kabla Wazungu hawajalifungia kamba. Kiswahili kina neno lake kamili, shazia, ilhali Waingereza walibaki na sindano tu, bila kutofautisha ya kitambaa na ya gunia. Napenda sana jambo hili. Ni mara chache tafsiri ya Kiswahili inakuwa karibu zaidi na asili kuliko Kiingereza.

Safari iliyoufanya mnara uwe habari

Pacha mmoja alikuwa ameanguka na kulala mchangani kwa karne kadhaa. Mwaka 1819 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliwapa Waingereza jiwe hilo kama zawadi ya kukumbuka vita vyao dhidi ya Wafaransa, ule wa majini wa mwaka 1798 na ule wa Aleksandria wa 1801. Serikali ya London ikaipokea zawadi kwa maneno, lakini gharama ya kuisafirisha ikaikataa. Jiwe likaendelea kulala pale kwa zaidi ya miaka 50.

Aliyefungua mfuko wake ni Erasmus Wilson, daktari wa magonjwa ya ngozi, aliyetoa kama pauni 10,000. Mhandisi John Dixon akabuni chombo cha ajabu: pipa refu la chuma la meta 28, jiwe likiwa ndani, likafungwa sitaha, usukani na mlingoti, likapewa jina la Cleopatra na kuvutwa na meli ya Olga. Tarehe 14 Oktoba 1877, katika Ghuba ya Biscay, dhoruba ikalipiga. Mabaharia sita wa Olga wakajitolea kwenda na mashua kuwaokoa wenzao waliokuwa juu ya lile pipa. Mashua ikazama, wote sita wakafa. Waliokuwa kwenye pipa waliokolewa baadaye, na pipa likaachwa, kila mtu akiamini limekwenda chini. Halikuzama. Meli nyingine ililikuta likielea, ikalivuta mpaka bandari ya Ferrol, Uhispania, na wenye meli wakadai ujira wa uokozi kabla ya kuliachia. Likaingia Thames Januari 1878, na tarehe 12 Septemba mwaka huo jiwe likasimamishwa mahali lilipo sasa. Pacha wake aliyekuwa bado wima Aleksandria alisafirishwa Marekani, akasimamishwa New York mwaka 1881.

Fikiria magazeti ya miezi ile. Jiwe la miaka zaidi ya 3000, dhoruba, vifo, chombo kilichopotea na kupatikana, mabishano ya fedha, mabishano ya mahali pa kulisimamisha. Kila nyumba ya Uingereza ilikuwa na neno sindano mdomoni, na haikuwa ya kushonea. Sasa jiweke mahali pa mtu ambaye riziki yake ni kuuza sindano.

Mji wa wanoaji

Redditch ni mji wa kusini ya Birmingham, katika jimbo la Worcestershire. Katika karne ya 19 sehemu kubwa mno ya sindano zilizotumika duniani ilitoka huko na kwenye vijiji vya jirani. Ili kuelewa kwa nini sindano ilihitaji kijaluba cha fahari, inafaa kuiona ikitengenezwa.

Waya wa feleji ulikatwa vipande, kila kimoja urefu wa sindano mbili. Vipande vilifungwa kwa pete mbili za chuma, vikapashwa moto na kuviringishwa mpaka vinyooke. Kisha vikaenda kwa mnoaji. Huyu alikaa mbele ya jiwe linalozunguka kwa kasi, akashika vipande kadhaa kwa mpigo, akavitandaza kama karata na kuviviringisha kati ya viganja huku ncha zikila jiwe, upande mmoja, halafu wa pili. Kazi hii ilifanywa kikavu, kwa sababu maji yangeleta kutu. Cheche zilimzunguka, na vumbi la jiwe na chuma likaingia mapafuni. Wanoaji walikufa wakiwa vijana, na kila mtu mjini alijua. Walilipwa kuliko wenzao wengi, na mitambo ya kuvuta vumbi ilipoletwa baadhi yao waliipinga: waliona hatari ikiondoka, na mshahara wa hatari utaondoka nayo. Hilo ni jambo la kuhuzunisha kuliko yote katika historia ya kitu hiki kidogo, na sijawahi kuliona limeandikwa kwenye maelezo ya muuzaji.

Baada ya kunolewa, katikati ya kila kipande paligongwa alama za matundu mawili, yakatobolewa, kisha vipande vikatungwa kwenye waya mwembamba kupitia matundu hayo, safu kwa safu, mfano wa mishikaki. Vikasawazishwa kwa tupa na kuvunjwa katikati, ndipo kila kipande kikawa sindano mbili. Zikapashwa moto na kuzamishwa kwenye mafuta ili ziwe ngumu. Mwisho zikasuguliwa: makumi ya maelfu ya sindano yalifungwa ndani ya kitambaa kizito pamoja na sabuni na unga wa jiwe la msasa, mzigo ukafungwa kama bumba la tumbaku, ukaviringishwa mbele na nyuma chini ya mbao nzito zilizosukumwa na gurudumu la maji, kwa saa na saa, ukafunguliwa, ukaoshwa, ukafungwa tena. Kinu kimoja cha kazi hiyo, Forge Mill, bado kipo Redditch, sasa ni makumbusho, na gurudumu lake lingali mahali pake.

Kazi yote hiyo inazaa kitu gani? Waya mdogo unaong'aa, usio na tofauti yoyote na waya wa kiwanda cha jirani. Hapo ndipo kwenye kiini. Kadiri sindano zilivyozidi kuwa nzuri, ndivyo zilivyozidi kufanana, na kadiri zilivyofanana ndivyo mnunuzi alivyokosa sababu ya kuchagua za fulani akaacha za fulani. Ziliuzwa zimekunjwa ndani ya karatasi ndogo zenye namba ya ukubwa, na namba ikizidi ndivyo sindano inavyozidi kuwa nyembamba. Karatasi ikichanika, jina la mtengenezaji linakwenda na karatasi. Kijaluba cha shaba hakichaniki. Kinakaa mezani miaka 30 na jina la kampuni kikiwa nalo.

Avery, na wasio Avery

Jina utakalokutana nalo mara nyingi ni W. Avery & Son wa Redditch. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860, kampuni hii ilitoa vijaluba vya shaba vya kila aina. Vile vya mwanzo vilikuwa bapa na vya kiufundi zaidi kuliko vya urembo. Kimojawapo kina vyumba vinne, kila chumba na pakiti ya sindano za namba yake, na kijiti cha kusukuma pakiti unayoitaka itokeze juu. Baadaye ndipo yakaja maumbo: kipepeo ambaye mabawa yake hufunguka, toroli, mganda wa ngano, mzinga wa nyuki. Majengo na minara ni sehemu ndogo ya familia hiyo, na hapo wengi hukosea wakidhani ndiyo aina kuu. Mkulima na bustani yake walipendwa kuliko Farao.

Kwa nini wakati ule? Mimi nina maoni yangu. Miaka hiyo hiyo cherehani ilikuwa inaingia majumbani. Ushonaji mrefu wa kuunganisha nguo ulianza kuhamia kwenye mashine, na sindano ya mkono ikabaki na kazi mbili: udarizi, na mafunzo ya wasichana. Tangu kanuni za elimu za mwaka 1862, shule za Uingereza zilizotaka ruzuku ya serikali zilitakiwa kuwafundisha wasichana ushonaji. Sindano ikawa zana ya adabu na ya sebuleni, na kitu cha sebuleni hutakiwa kiwe na sura. Sindano ya kufanyia kazi ngumu haikuhitaji mnara.

Utengenezaji wake ulikuwa mwepesi kwa watu waliokuwa jirani na Birmingham, mji uliokuwa kitovu cha kazi za shaba Uingereza. Bati jembamba la shaba liliwekwa juu ya kalibu ya chuma ngumu, nyundo nzito ya mashine ikaangushwa, na kila mstari wa kalibu ukajiandika kwenye bati. Vipande vikaunganishwa kwa lehemu, vikasafishwa kwa tindikali, vikapakwa vanishi nyembamba iliyoipa shaba rangi ya dhahabu na kuizuia isifanye weusi. Vanishi hiyo ndiyo siri ya thamani yake leo. Mtu akikisugua kijaluba kwa dawa ya kung'arishia shaba kama anavyosugua kitasa cha mlango, anaondoa ngozi ya asili, na pamoja nayo sehemu kubwa ya bei. Kiache na madoa yake.

Sasa fundo la alama. Kwenye vijaluba vingi utaona kibonye kidogo chenye umbo la almasi, na herufi na namba kwenye kila pembe. Hii ni alama ya serikali ya Uingereza ya kusajili michoro, iliyotumika kuanzia 1842 hadi 1883. Duara dogo juu ya kilele linaonyesha aina ya mali, na namba moja ya Kirumi maana yake ni chuma na madini. Pembe nne zinaeleza siku, mwezi, mwaka na namba ya furushi la usajili, lakini mpangilio wake ulibadilika: mpaka 1867 herufi ya mwaka ilikaa juu, na kuanzia 1868 ikahamia kulia, siku ikachukua nafasi ya juu. Usiposoma kwa mpangilio sahihi utapata mwaka wa uongo. Kuanzia 1884 almasi iliachwa, ikawa namba tu. Na hata ukisoma sawasawa, kumbuka tarehe hiyo ni ya siku mchoro uliposajiliwa. Kijaluba chenyewe kingeweza kupigwa kwa kalibu ile ile miaka mingi baadaye.

Jina nalo lina mtego wake. Kampuni nyingine za sindano na wenye maduka waliagiza vijaluba vikiwa na majina yao, kwa hiyo jina lililoandikwa ubavuni linaweza kuwa la muuzaji tu. Upande wa pili, wakusanyaji wamezoea kuita kijaluba chochote cha shaba cha aina hii Avery, hata kisicho na alama, kama vile dukani kwetu mtu anavyoomba Colgate akapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine na wote wawili wasione tatizo. Kwenye mazungumzo haina madhara. Kwenye bei ina madhara.

Na nakala? Kijaluba cha asili ni chepesi, kwa sababu ni bati lililopigwa. Ukigeuza ndani utaona mashimo pale ambapo nje kuna vinundu. Nakala nyingi zimemiminwa kwenye kalibu ya mchanga: nzito, ndani laini, na michoro yake imevimba kidogo kama uso uliotoka usingizini. Mikono miwili inatosha kutambua, kimoja huku, kingine kule.

Minara mingine

Kazi ya kugeuza mnara kuwa nyumba ya sindano haikuishia Uingereza. Sindano ni ndefu na nyembamba, basi kila jengo refu na jembamba lilikuwa linajipendekeza lenyewe. Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa mwaka 1889, Paris ikajaa minara midogo ya shaba, mingine ya kuwekea sindano, mingine ya pambo tu. Hapo pakazuka ugomvi wa kweli. Jules Jaluzot, mwenye duka kubwa la Printemps, alikuwa amekubaliana na Gustave Eiffel apewe haki ya peke yake ya kutengeneza sanamu za mnara. Mafundi wadogo wa Paris wakapiga kelele: mnara unaoonekana na mji mzima utakuwaje mali ya duka moja? Ukiritimba ule ukavunjika. Nadhani walikuwa na haki, na ni kwa sababu yao minara hiyo ilitengenezwa na mikono mingi kiasi kwamba kusema ipi ni ya nani ni kazi ngumu kuliko ya Redditch.

Kulikuwa pia na njia nyingine ya kubeba jengo kwenye kifuko cha kushonea. Mwaka 1859 Mfaransa René Dagron alipata hataza ya kubandika picha ndogo kama kichwa cha pini kwenye kioo cha kukuzia. Vioo hivyo vilipachikwa kwenye vijaluba vya mfupa: unaweka jicho kwenye kitundu, unauona mji mzima. Hivyo vilibeba jengo kwa picha. Vya shaba vililibeba kwa umbo, hata aliyefumba macho angelitambua kwa vidole.

Turudi kando ya Thames. Kabla ya kulisimamisha jiwe mwaka 1878, Dixon na wenzake walifukia ndani ya kitako chake mitungi yenye vitu vya zama zao, ili watu wa baadaye wavikute: magazeti ya siku hiyo, sarafu, Biblia za lugha kadhaa, ratiba ya treni, sigara nene (cigar), wembe wa shilingi moja, chupa ya kunyonyeshea mtoto, vitu vya kuchezea, pini za nywele, na picha 12 za wanawake waliohesabiwa warembo kuliko wote Uingereza. Pamoja na hivyo waliweka mfano wa mnara wenyewe uliomiminwa kwa bronzi, kwa kipimo cha nusu inchi kwa kila futi, karibu futi tatu za urefu. Uko huko chini hadi sasa, umelala ndani ya kitako, na shazia ya jiwe imesimama juu yake.